Namba za Mahali: Kutoka Kompyuta Mpaka Kifaa cha Mkononi

Natumai kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na daftari na penseli viko tayari. Wale mlio katika madarasa ya Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na ninyi mnaosikiliza majumbani mwenu, nyote karibuni. Walimu nawaomba waandike ubaoni namba nitakazozitaja, maana leo namba ni nyingi, na sikio peke yake halitoshi.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kuhamisha namba za mahali kutoka katika kompyuta na kuzitia katika kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha njia. Kifaa hicho huitwa kwa herufi tatu: G, P na S. Hutamkwa "jii-pii-esi". Ukubwa wake ni kama simu nene. Wavuvi wengine wanacho, wapimaji wa ardhi wanacho, na watu wa misitu wanacho.

Huenda mtu akasema: "Mimi nimeanza kusoma mwaka huu. Mambo ya kompyuta yananihusu nini?" Swali hili ni zuri, na jibu lake ni hili. Kazi hii haitaki elimu kubwa. Yataka mambo matatu ambayo mmekwisha kuyaanza katika darasa hili hili: kusoma herufi, kusoma namba, na kulinganisha mstari mmoja na mwingine bila ya haraka. Mtu mwenye haraka atakosea hata akiwa amesoma sana. Mwenye kutazama vizuri ataweza, hata kama alishika kalamu kwa mara ya kwanza mwaka jana.

NAMBA ZA MAHALI NI NINI?

Kila mahali duniani pana namba mbili. Namba ya kwanza yasema mahali hapo pako umbali gani kaskazini au kusini ya Ikweta. Hiyo huitwa latitudo. Namba ya pili yasema mahali hapo pako umbali gani mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich, katika London. Hiyo huitwa longitudo.

Kipimo cha namba hizi ni digrii. Digrii moja imegawanywa sehemu 60, na kila sehemu huitwa dakika. Dakika hizi si za saa. Ni za kupimia dunia. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852.

Kisiwa chetu cha Pemba kiko kusini ya Ikweta na mashariki ya Greenwich. Mji wa Chake Chake uko kiasi cha digrii 5 na dakika 15 kusini, na digrii 39 na dakika 46 mashariki. Andikeni namba hizo katika daftari. Tutazihitaji tena.

Wavuvi wetu wanayajua mambo haya tangu zamani, ingawa kwa njia nyingine. Mvuvi akitaka kurudi penye mwamba wenye samaki, hutazama pwani. Hungoja mpaka mnazi fulani uje sawa na paa la nyumba fulani. Huo ni mstari mmoja. Kisha hutazama upande wa pili, mpaka kilima fulani kije sawa na ncha ya ras. Huo ni mstari wa pili. Mistari hiyo miwili inapokutana, hapo ndipo anapotia nanga. Basi latitudo na longitudo nazo ni mistari miwili inayokutana. Tofauti ni kwamba mnazi na kilima havionekani usiku, wala katika mvua kubwa, wala mtu akiwa mbali sana na nchi kavu. Namba zipo wakati wote.

KIFAA HUPATAJE NAMBA HIZO?

Juu angani, kiasi cha kilomita 20,000 kutoka hapa tulipo, zinazunguka setilaiti za serikali ya Marekani. Hazipungui 24. Kila moja hutuma sauti ya redio inayosema saa yake na mahali ilipo. Kifaa cha mkononi husikiliza nne au zaidi kwa wakati mmoja, kikapiga hesabu, kikajua kipo wapi. Kifaa chenyewe hakitumi neno lo lote. Husikiliza tu. Kwa hiyo hakihitaji vocha, wala bando, wala mnara wa simu. Kinachohitaji ni betri yenye nguvu na uwazi wa kuona mbingu.

Mpango huo ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Lakini katika miaka ile Wamarekani waliziharibu kidogo sauti hizo kwa makusudi, ili majeshi yao wenyewe ndiyo yapate hesabu safi. Mtu wa kawaida angeweza kukosea kwa mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 wakaacha kuziharibu, na tangu hapo kifaa cha kawaida, kikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita chache tu.

Siku chache hazikupita ila watu wakaanza kuchezea jambo hilo. Tarehe 3 Mei 2000, huko Oregon katika Marekani, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo mwituni. Akatangaza namba za mahali alipoificha, akawaambia watu waitafute. Wakaipata. Mchezo huo sasa huitwa jiokeshi, na huchezwa katika nchi nyingi. Mmoja huficha kopo lenye daftari ndani, wengine hulitafuta kwa namba, na anayelipata huandika jina lake.

Kwa nini nautaja mchezo katika somo la watu wazima? Kwa sababu wachezaji hao walikuwa na shida ile ile ya mvuvi. Orodha ya namba ilikuwa katika kompyuta, juu ya meza, na safari yenyewe ilikuwa mwituni. Kuziandika namba moja moja kwa vidole huchosha, na mtu aliyechoka huandika 6 mahali pa 9. Basi zikatafutwa njia za kupeleka orodha nzima kwa waya, kwa mara moja. Mwaka 2002 ikatolewa namna moja ya kuandika orodha ambayo vifaa vya makampuni mbalimbali vingeweza kuisoma. Namna hiyo huitwa kwa herufi tatu nyingine: G, P na X.

MFANO WA MVUVI WA WESHA

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuseme yuko mvuvi mmoja wa Wesha, karibu na Chake Chake. Ana mashua yenye mashine, na ana kifaa cha GPS. Binti yake anasoma skuli ya sekondari, naye ameazima kompyuta ya kupakata, ile ambayo watu huiita laptopu.

Kamati ya wavuvi ya shehia imewapa orodha ya mahali 12. Ndani ya orodha mna mipaka ya mwamba uliofungwa usivuliwe kwa muda. Mnajua desturi hii. Kule Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wenyeji wamewahi kufunga sehemu za miamba yao kwa miezi michache ili pweza wapate kukua, kisha wakazifungua. Na upande wote wa magharibi ya kisiwa chetu kuna Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, lililoanzishwa mwaka 2005, na Misali imo ndani yake. Mvuvi asiyejua mpaka unapita wapi aweza kuingia bila ya kukusudia, akaonekana mwizi mbele ya jirani zake. Kwa hiyo namba hizo 12 si jambo dogo kwake. Riziki yake na jina lake vimo ndani.

Basi watafanya hivi.

Hatua ya kwanza. Waifungue orodha katika kompyuta na kuihesabu. Kila mstari uwe na vitu vitatu: jina, latitudo na longitudo. Mistari iwe 12. Namba hiyo 12 waiandike kwa penseli katika daftari.

Hatua ya pili. Wayatazame majina. Vifaa vingine vya zamani hupokea herufi 6 tu za jina, na zinazobaki hukatwa. Jina MISALI lina herufi 6, basi litaingia zima. Lakini KIGOMASHA litakatwa na kuwa KIGOMA, na Kigoma ni mji ulioko Ziwa Tanganyika. Vile vile MWAMBA MKUBWA na MWAMBA MDOGO yote mawili yatakuwa MWAMBA, na mvuvi hatajua upi ni upi. Pengine la pili litafuta la kwanza. Basi ni heri kuandika mapema majina mafupi yasiyofanana, kama MKUBWA na MDOGO.

Hatua ya tatu. Waihifadhi orodha kwa namna ya GPX. Mwisho wa jina la faili patakuwa na nukta na herufi gpx. Faili likiwa na mwisho mwingine, kifaa huenda kisilisome.

Hatua ya nne. Waunge kompyuta na kifaa kwa waya wake. Vifaa vingi vya siku hizi vikiungwa huonekana katika kompyuta kama flashi. Ukikifungua utaona folda, yaani mifuko ya kuwekea mafaili. Katika vifaa vingi vya kampuni ya Garmin, kwa mfano, kuna folda iitwayo Garmin, na ndani yake kuna folda iitwayo GPX. Humo ndimo faili linamonakiliwa. Likiwekwa katika folda nyingine huenda lisionekane, na mtu akadhani kifaa kimeharibika. Vifaa vya zamani havionekani kama flashi. Hivyo vyahitaji programu ya kati. Iko moja iitwayo GPSBabel, ambayo hutolewa bure, na kazi yake ni kufasiri orodha kutoka namna moja hata nyingine.

Hatua ya tano. Wasiuvute waya kwa ghafula. Kwanza waiambie kompyuta kwamba wanataka kukitoa kifaa kwa salama, wangoje ikubali, ndipo waung'oe. Waya ukivutwa wakati faili linaandikwa, orodha yaweza kuingia nusu.

Hatua ya sita. Wakiwashe kifaa, wafungue orodha ya mahali, wahesabu tena. Katika daftari wameandika 12. Katika kifaa ziwe 12. Zikiwa 11, moja imepotea, na huenda ndiyo ile ya mpaka.

Hatua ya saba. Mmoja asome kwa sauti kutoka katika daftari au kompyuta, na mwingine atazame kifaa kwa kidole, mahali pamoja pamoja, mpaka mwisho. Kazi hii ni ya watu wawili. Mtu mmoja akisoma huku anatazama, jicho lake huona anachokitarajia.

MAKOSA MANNE YA NAMBA

Katika hatua hiyo ya saba ndimo makosa yanamoonekana. Mimi nitataja manne. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

Kosa la kwanza ni kuchanganya dakika na desimali. Tuchukue mahali pa mfano palipo karibu na kisiwa cha Misali: digrii 5 na dakika 15 kusini, digrii 39 na dakika 36 mashariki. Baba amezisoma namba hizo katika karatasi ya kamati. Sasa kompyuta yataka digrii zenye nukta. Mtu mwenye haraka ataandika 5.15 na 39.36. Zafanana, sivyo? Lakini ni makosa.

Dakika 15 si 15 katika 100. Ni 15 katika 60, yaani robo, na robo kwa desimali ni .25. Basi namba ya haki ni 5.25. Dakika 36 ukizigawa kwa 60 utapata .60. Basi namba ya haki ni 39.60.

Na kosa hilo lapeleka wapi? Hesabu yake ni hii. Kati ya 5.15 na 5.25 pana sehemu ya kumi ya digrii, ambayo ni dakika 6, yaani maili 6 za baharini, karibu kilomita 11. Na kati ya 39.36 na 39.60 ni karibu kilomita 27 kwenda magharibi. Ukiziunganisha hizo mbili, mahali palipoandikwa pako karibu kilomita 29 kutoka mahali pa haki. Pako nje katika Mkondo wa Pemba, ambako maji yana kina cha mamia ya mita. Mvuvi aliyetafuta mwamba karibu na Misali atajikuta hana mwamba, na mafuta ya kurudia yamepungua.

Kosa la pili ni kusahau upande. Katika kifaa, herufi N ni kaskazini, S ni kusini, E ni mashariki, na W ni magharibi. Kwetu Pemba lazima pawe S na E. Lakini katika faili la GPX hakuna herufi hizo. Kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba: -5.25. Kijistari hicho ni kidogo mno, na ndicho kinachotuweka kusini ya Ikweta. Kikiachwa, namba za Chake Chake zitaangukia upande wa mji wa Negele, kusini ya Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, mahali pasipo na bahari.

Kosa la tatu ni kugeuza namba, latitudo ikakaa mahali pa longitudo. Namba zetu zikigeuzwa hivyo, huku S na E zikibaki pale pale, Pemba itahamia katika bahari kuu, mbali sana kusini-magharibi ya Rasi ya Tumaini Jema. Kumbukeni neno moja tu: kwetu namba ndogo, 4 au 5, ni latitudo. Namba kubwa, 39, ni longitudo.

Kosa la nne latokana na ramani za zamani. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zilizochorwa kabla ya kuja kwa GPS zilitumia hesabu ya dunia iitwayo Arc 1960. Vifaa vya GPS na mafaili ya GPX hutumia hesabu nyingine, iitwayo WGS 84. Mahali pamoja katika hesabu hizi mbili huwa na namba zilizoachana kwa kiasi cha mita 300. Mtu aliyetoa namba zake katika ramani ya karatasi na asome ukingoni mwa ramani hiyo, aone ilitumia hesabu gani. Mita 300 si kitu kwa meli iliyoko mbali, lakini kwa mpaka wa mwamba ni jambo kubwa.

JARIBU PWANI KWANZA

Sasa tuje kwenye hatua ya nane, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Kabla ya kwenda baharini, baba na binti na wasimame bandarini Wesha wakiwa na kifaa kilichowashwa. Wachague katika orodha mahali ambapo baba anapajua kwa miaka mingi, kama pale karibu na Misali. Kifaa kitaonyesha mshale na umbali.

Hapo binti atasema: "Baba, hiki chasema pako kilomita 41."

Na baba, ambaye hajui kompyuta, lakini njia ya Misali ameipita tangu utoto, atajibu: "Hapana, mwanangu. Misali si mbali hivyo. Hata nusu ya hapo haifiki. Tazama tena namba."

Binti atarudi katika orodha, ataona 5.15, na kosa litatoka pale pale, nchi kavu, kabla ya tone moja la mafuta kutumika.

Ndugu zangu, mfano huu ndio kiini cha somo letu. Kifaa hakijui Misali. Hakijui mwamba, wala pweza, wala nyumbani kwako. Kinajua namba tu, na ukikipa namba mbaya kitakuongoza kwa uhodari ule ule hata mahali pabaya. Hakitakuonya. Wa kukuonya ni wawili: yule anayesoma namba kwa makini, na yule anayeijua bahari. Ndiyo maana nawasihi wazee wasikae mbali na kazi hii wakisema ni ya vijana. Wala vijana wasiwafanyie wazee kazi hii chumbani peke yao, kisha wakawapa kifaa mkononi. Wakae pamoja.

Jambo jingine nalo lazima lijulikane. Mshale wa kifaa huonyesha njia iliyonyoka. Haujali kwamba katikati pana mwamba unaotokeza maji yakitoka, au mikoko, au ras. Nahodha atazame bahari kwanza, kisha kifaa. Kwa sababu hiyo orodha nzuri haina mahali pa kwenda tu. Ina na mahali pa kupitia: mlango wa mwamba, maji ya kina, na mahali pa kutia nanga.

WAKATI WA SHIDA

Faida kubwa ya namba huonekana siku mambo yanapoharibika. Tuseme mashine imezimika magharibi ya Pemba wakati wa kusi. Mkondo wa bahari katika pwani yetu huenda kaskazini. Ukiivuta mashua kwa maili 2 za baharini kila saa, basi kwa saa 10 za usiku utaipeleka maili 20, yaani kilomita 37. Pemba yote, kutoka kusini mpaka kaskazini, ni kilomita 70 hivi. Wanaotafuta asubuhi pale mashine ilipozimikia hawatakuta mtu.

Lakini mvuvi akiwa na kifaa, na simu au redio ya chomboni ikashika, aweza kusema mambo matatu: yupo wapi, ni saa ngapi, na mkondo wampeleka upande gani. Azisome namba polepole, moja moja, na upande wake: "Digrii tano. Dakika kumi na tano. Kusini. Digrii thelathini na tisa. Dakika thelathini na sita. Mashariki." Kisha amwombe anayesikia azirudie. Na yule wa pwani aziandike. Asizishike kwa kichwa. Hapo mke nyumbani, au mtoto, au jirani, akijua kusoma na kuandika namba, aweza kuwa sababu ya watu kuokoka. Baada ya nusu saa mvuvi azisome namba mpya, maana zile za kwanza zimekwisha kupitwa.

Mwisho, msiliache daftari. Vifaa vingi hutumia betri mbili ndogo za AA, na betri huisha. Kifaa chaweza kuanguka majini. Namba zile 12 ziandikwe kwa penseli, si kwa wino, maana wino huyeyuka ukirowa. Daftari litiwe katika mfuko wa plastiki na kufungwa vizuri. Betri mbili za akiba zitiwe humo humo. Kila orodha ipya ikija, andikeni tarehe juu yake, ili mipaka ya mwaka jana isichanganywe na ya mwaka huu.

KAZI YA KUFANYA

Sasa nitawapa kazi. Fanyeni wawili wawili, kisha mwonyesheni mwalimu.

Swali la kwanza. Andika kwa desimali: digrii 5 na dakika 30 kusini. Hili nitawafanyia mimi. Dakika 30 katika 60 ni nusu, na nusu ni .50. Kusini yataka alama ya kutoa. Basi jibu ni -5.50.

Swali la pili. Andika kwa desimali: digrii 39 na dakika 45 mashariki.

Swali la tatu. Mahali fulani latitudo yake ni -4.90. Je, pako kaskazini au kusini ya Ikweta? Na hizo .90 ni dakika ngapi? Zidisha kwa 60 upate jibu.

Swali la nne. Katika kompyuta mna mahali 15, na katika kifaa mnaonekana 14. Utafanya nini kabla ya kuondoka pwani?

Swali la tano. Kifaa chako kinapokea herufi 6 tu. Nawe una mahali pawili, KISIWA PANZA na KISIWA MISALI. Majina haya yakikatwa yatakuwaje? Andika majina mengine mawili mafupi yasiyochanganyika.

Na wale mlio karibu na mtu mwenye kifaa, mwombeni awaonyeshe kwa heshima. Simameni naye mlangoni mwa darasa, msome namba za hapo mlipo, mziandike katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Hizo ni namba za darasa lenu. Tazameni kama pana S na E. Zikiwa hazina, mmekwisha kupata kosa lenu la kwanza la kusahihisha.